Kikohozi Kutoka Kibandani

Watu wa Nairobi wakisikia unatoka Gatuanyaga hudhani kwenu ni jua na vumbi mwaka mzima. Waje Julai. Waje waone anga ilivyoshuka mpaka juu ya mabati, na manyunyu yasiyotosha kulowesha mahindi lakini yanatosha kukunyima nguo kavu wiki nzima. Soksi hukaa kambani mpaka unazisahau. Kuku hawataki kutoka ndani, ng'ombe anasimama ameinamisha kichwa, na sisi binadamu tunazunguka uani na makoti juu ya makoti tukisema "hii baridi, hii baridi," kana kwamba ukiilalamikia itaona haya iondoke.

Mwaka ule Julai ilitukuta na mbuzi wawili wageni, na nitasema wazi kwamba sijawahi kuogopa mnyama kama nilivyowaogopa hao. Hawakuwa wakali. Shida ni kwamba walikuwa mimi.

Kwetu Wakikuyu, kabla mazungumzo ya mahari hayajaanza, upande wa mwanaume huleta mbuzi wawili wa kike. Mmoja ni mdogo, bado hajazaa, naye huitwa mwati. Mwingine amekomaa. Wakishapokewa, binti amewekewa alama na hakuna mwingine wa kubisha hodi. Siku hizi mbuzi hao ni bahasha. Watu wanaketi, mzee mmoja anasema "mbuzi ndio hawa," bahasha inapita juu ya chupa za soda, basi, watu wanapakua pilau.

Baba yangu alikataa bahasha. Ni mtu wa msimamo, au ni mkaidi, inategemea unamuuliza nani na siku hiyo wamegombana au la.

"Mbuzi ya bahasha haili nyasi," alimwambia mchumba wangu siku ya kwanza. "Mimi leteeni yenye miguu. Nitazikalisha hapa kwangu, na siku mtarudi na wazee wenu tuongee, zitakuwa zimesimama hapo nyuma mzione."

Mchumba wangu anauza viatu vya mtumba Githurai 45. Amezaliwa kwenye ploti ya ghorofa, na mnyama pekee aliyewahi kuishi naye ni paka aliyejileta mwenyewe. Baba alilijua hilo na hakulificha. "Mtu hajawahi kufuga hata kuku moja," alisema, na mchumba wangu ameketi pale pale, "atawezana na wewe?" Nilicheka kwa sababu njia nyingine ilikuwa kulia mbele ya wageni.

Mbuzi waliletwa Juni nyuma ya gari dogo, wamenunuliwa soko la huko chini Ukambani ambako kuna joto. Yule mdogo alikuwa wa kahawia mwenye soksi moja nyeupe mguu wa mbele. Alikataa kabisa kutembea. Mchumba wangu akambeba kifuani kutoka getini mpaka kibandani, akakojolewa shati zuri na viatu vizuri zaidi, na hakumwachilia. Baba alitazama mambo hayo yote kutoka mlangoni, na ile siku nilimwona akitabasamu kidogo kabla hajakumbuka kukunja uso.

Usiku ule kabla ya kulala mama aliniambia, "Hizo mbuzi ni wewe. Zikikaa vizuri, na wewe utakaa vizuri." Alisema kawaida tu, huku akifunga mlango, naye akaenda kulala. Mimi sikulala vizuri.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Ruiru, lakini baridi ilipoingia kifua cha baba kikaanza shida zake za kila mwaka, nikarudi nyumbani kusaidia. Asubuhi nilipanda boda mpaka Thika, kwenye duka la vifaa vya ujenzi ninakoandika risiti, na jioni nikarudi. Kliniki walikuwa wamemwambia baba asitoke nje kabla ya jua, na kwa kuwa jua lenyewe halikuwa linatoka, alikaa sebuleni siku nzima, amevaa kofia ya sufu, blanketi magotini, dawa zake kwenye kisahani juu ya meza. Dirisha la sebule linatazama geti. Kibanda cha mbuzi kiko nyuma ya nyumba. Kwa hivyo mbuzi alikuwa hawaoni, lakini alikuwa anawasikia, na hapo ndipo mambo yetu yalipoharibikia.

Kila asubuhi swali lake la kwanza lilikuwa, "Mbuzi za watu zimeamkaje?" Hakuuliza habari yangu wala ya ng'ombe anayetulipia stima.

"Zimeamka salama," mama anajibu.

Asubuhi moja tulikuwa kwenye chai, mama amesimama na birika mkononi, tukasikia kikohozi kutoka nyuma. Kama hujawahi kusikia mbuzi akikohoa, ujue kinakaribia sana cha mtu. Ni kikavu, kifupi, halafu kinarudi. Baba aliinua kichwa.

"Nani huyo?"

Mama aliweka birika chini, akashika kifua, akakohoa. "Ni mimi," akasema. "Hii baridi imenipata."

Nilimtazama mama yangu, mwanamke anayeamkia kanisa la kwanza kila Jumapili, akanitazama na yeye kwa macho ya kuniambia kunywa chai yako. Nikanywa. Baba naye alirudisha macho dirishani, na mama akatoka nje upesi, leso ikining'inia begani. Nilimkuta kibandani amepiga magoti kwenye nyasi. Mwati alikuwa amesimama kona, manyoya yamesimama, pua inatoka maji.

"Baba asijue," mama alisema.

"Si tumwambie tu tuite daktari?"

"Akijua atasema huyo kijana wako alituletea ugonjwa. Si unamjua? Atampigia simu leo leo aje achukue mbuzi zake."

Nilimjua.

Baada ya hapo mama akawa anakohoa kazi ya mbuzi. Mbuzi akikohoa na mama yuko nje, mama anakohoa baada yake, ili sauti zote zionekane zimetoka kwa mtu mmoja. Akiwa sebuleni na mbuzi akaanza huko nyuma, mama anakohoa juu yake, kwa nguvu, mpaka machozi yanamtoka. Alianza hata kuboresha. Alijifunza ile sauti ya mwisho, ya kukwaruza, ambayo mbuzi alikuwa nayo. Ningecheka kama nisingekuwa na hofu kutwa nzima. Nilikosea risiti za misumari mpaka mama mzee wa Kihindi mwenye duka akaniuliza nina nini. Nikamwambia mbuzi ni mgonjwa. "Mbuzi ya harusi?" akauliza, akashika shavu. Jioni akanifungia manjano kwenye karatasi nimpelekee mgonjwa, na asubuhi iliyofuata hata kabla ya salamu akaniuliza, "Mbuzi iko aje?"

Ilikuwa vibaya. Mama aliona kibanda kina baridi, akamhamishia mwati jiko la nje, lile la mafiga, akamfunga karibu na moto ambao alihakikisha hauzimiki. Humo ndani moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba sikumwona mama mwenyewe, nilikuwa nafuata sauti. Na kwa kuwa mwati aliacha kula, tulimpikia uji wa wimbi, tukatia manjano ya dukani, tukaujaza kwenye chupa ya soda. Mimi nilishika kichwa nikakiinua juu, mama akaingiza shingo ya chupa pembeni ya mdomo akamimina. Mbuzi alipaliwa, tukangoja, tukaendelea. "Meza, mama, meza," mama alimwambia, sauti ile ile aliyokuwa akitupa sisi dawa ya malaria tukiwa wadogo.

Humo jikoni, macho yakituwasha, ndimo alimonieleza kilichokuwa kinamkimbiza.

"Wangu alikufa," alisema. Alikuwa anafuta mdomo wa mbuzi kwa ncha ya leso. "Mwati wangu, wakati baba yako alinioa. Hakumaliza hata mwezi. Shangazi yake baba yako akaja, akasema mbuzi amekataa nyumba. Halafu mimba yangu ya kwanza ikatoka. Akasema, si tuliona? Kila kitu kikiharibika, ng'ombe akikauka, mvua ikikosa, si tuliona. Mpaka akazikwa huyo mama, bado anasema."

"Na baba?"

"Baba yako alikuwa ameketi hapo na kikombe chake. Hakusema kitu." Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Na huyo kijana wako ana shangazi. Nilimwona. Alinusa maziwa kabla ya kunywa."

Nami nilimwona. Nilikuwa nimejiambia ni mafua.

Daktari wa mifugo alikuja siku ambayo mwati alikataa kusimama. Tulimwita kwa siri, mama mmoja mwenye gambuti na pikipiki, akaiacha pikipiki kwa jirani ili baba asiisikie. Alifungua mlango wa jiko, moshi ukamkaribisha, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Mnakausha nyama ama mnatibu mbuzi?" aliuliza.

Alimsikiliza mwati kifuani kwa muda mrefu. Akauliza uji tulimpa vipi, nikamwonyesha kwa mikono, kichwa juu hivi, chupa hivi. Akatingisha kichwa polepole. "Ukimwinua hivyo haiendi tumboni. Inaingia kwa mapafu. Mmemtoa kwa baridi mkamweka kwa moshi, halafu mkamtia uji kwa kifua."

Mama alikaa chini juu ya gunia la makaa, hakujali nguo. Daktari akaona amezidisha, akampa pole, akasema watu wengi hufanya hivyo. Akamdunga mwati sindano, akatuambia tumrudishe penye hewa lakini pakavu, apate kitu cha kumfunika, tusimlazimishe chakula. Nilimuuliza kama atapona.

"Tuone hii wiki," alisema. Nilichukia hayo maneno matatu kuliko kitu chochote nilichowahi kuambiwa.

Kitu cha kumfunika kilikuwa sweta yangu ya shule ya msingi, ya rangi ya damu ya mzee, kiwiko kimetoboka. Tulipitisha miguu ya mbele kwenye mikono tukafunga vifungo chini ya tumbo. Alionekana mwanafunzi aliyefukuzwa kwa sababu ya karo. Nilimpigia mchumba wangu simu nikiwa nimesimama pale pale namtazama.

"Nitafute mwingine anafanana naye?" aliuliza.

"Wenye soksi moja wanauzwa wapi?"

Akasema, kwa sauti ndogo, "Aki mwambie apone," na nikajua na yeye halali.

Tulikuwa tumeweka macho kwa mbuzi kiasi kwamba hatukumwona baba. Hili linaniuma mpaka leo. Alianza kwa kutotaka redio. Nikiiwasha jioni wakati wa taarifa, anasema, "Zima hiyo nisikie," na sikujiuliza asikie nini. Akawa anaacha nyama kwenye sahani, vipande vizuri, amevisukuma pembeni. "Mpelekee mama yako," anasema, "mimi nimeshiba." Siku moja nikiondoka kwenda kazini alinishika mkono, akaniwekea vidonge kiganjani. Vilikuwa vyake, vya kifua.

"Mpe mama yako. Usiseme ni mimi."

"Na wewe, baba?"

"Mimi niko sawa, maitu." Huniita hivyo, mama, kwa sababu nimebeba jina la mamake. Ukiitwa hivyo na baba yako huwezi kubishana, hata kama kifua chake kinapiga mluzi anapoongea.

Nikampelekea mama. Mama akavitazama, akavitia mfukoni mwa aproni, akarudi kwa mgonjwa wake. Kesho yake vikaja vingine. Nami, mtu mzima mwenye akili zangu, nilikuwa postamasta wa dawa ambazo hakuna aliyekuwa anazimeza, na kitu pekee nilichokifikiria ni kwamba uongo wetu umekubaliwa.

Jumamosi asubuhi geti liligongwa. Alikuwa jirani yetu anayechinjia watu kwenye sherehe, amebeba beseni, na ndani ya beseni kisu kimefungwa kwa gazeti.

"Mzee amenipigia," alisema. "Amesema nichinje ile mbuzi ndogo."

Mama alikuwa anafagia. Fagio lilimwanguka. Kabla hatujasema lolote mlango wa mbele ulifunguka na baba akatoka, mara ya kwanza tangu baridi iingie, ameshika ukuta, blanketi mabegani, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Ingia," alimwambia jirani. "Ziko nyuma."

"Mzee, unafanya nini?" mama akasema. "Rudi ndani, hewa itakuua."

"Nataka unywe supu. Supu ya mbuzi, na zile mizizi, vile mama yangu alikuwa anatengeneza. Wewe huoni, lakini mimi nimekaa hapo ndani nikikusikia. Kila siku inazidi. Nakupea dawa haisaidii. Umekonda."

Alikuwa amekonda kweli, kwa wasiwasi wa mbuzi.

"Hiyo mbuzi ni ya msichana," mama akasema, polepole. "Ulisema mwenyewe ikae mpaka siku ya wazee."

"Najua nilisema nini." Baba alipumzika, akavuta pumzi, mluzi ukasikika mpaka getini. "Msichana atapata mbuzi nyingine. Mimi wewe nitakutoa wapi?"

Jirani alianza kusoma gazeti lililofunga kisu. Nilitazama chini, uso unaniwaka, na hapo mwati akakohoa huko nyuma ya nyumba. Kikavu, kifupi, halafu kikarudi, na ule mkwaruzo wa mwisho. Mama alikuwa amesimama mbele ya baba mdomo umefungwa.

Baba aligeuza kichwa kuelekea kibandani. Akamgeukia mama. Akaanza kutembea, ameshika ukuta, sisi nyuma yake, jirani na beseni lake nyuma yetu. Mwati alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda na sweta yake ya shule. Alimtazama baba. Akakohoa tena.

"Ngai," jirani akasema.

Mama aliingiza mkono mfukoni mwa aproni akatoa vidonge, vyote, vingine vimeshika vumbi la unga. Akavinyosha kwa baba kiganjani. Baba alivitazama.

"Kohoa," alimwambia.

"Siwezi."

"Umekuwa ukikohoa mwezi mzima."

"Sina kikohozi, mzee. Sikuwahi kuwa nacho."

Baba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ile ya kukamulia, akavuta kofia akafunika uso. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nilidhani anacheka, halafu nikadhani analia, halafu nikaacha kudhani. Mama aliinama akamfunga blanketi vizuri shingoni. Jirani alikataa hata chai. Alisema atarudi siku ya furaha.

Siku ile baba hakutusemesha mpaka jioni, na tulistahili. Alimeza vidonge vyake mbele yetu, kimoja kimoja, akitutazama. Kesho yake alisema mbuzi aletwe barazani, chini ya dirisha lake, "ambapo hakuna mtu atanidanganya." Akawa anampa majani ya viazi vitamu kwa mkono kupitia dirishani. Mwati alikula. Walikohoa pamoja, huyu ndani na huyu nje, na mama alipita katikati yao na birika, amenyamaza. Nilianza kupumua. Nilimwambia mama mzee wa duka kwamba mbuzi anakula, akapiga makofi.

Halafu siku moja jua likatoka. Lilikuwa jua hafifu, lakini Thika nzima ilivua sweta. Nilirudi nyumbani mapema, na nilipofika getini niliona sweta yangu ya shule kambani, imefuliwa, inachuruzika. Sikuhitaji kuuliza. Baba alikuwa barazani na jembe kando yake, viatu vina udongo. Mwati alikuwa amelala juani kwenye simenti yenye joto na hakuamka. Wao wawili, mtu asiyeruhusiwa kutoka nje na mama, walikuwa wamemzika nyuma ya migomba. Hawakumpa mbwa, hawakumgusa kwa kisu.

Wazee wa upande wa mchumba wangu walikuwa wanakuja Jumamosi ya wiki ileile.

Mama alimsihi baba aahirishe. Alimsihi angalau amwambie mzee wao mapema, kwa simu, ili shangazi asisikie mambo mbele ya watu. Baba alijibu jambo moja tu: "Nitasema mwenyewe." Nilimjua baba yangu na mambo yake ya kusema mwenyewe. Nilimwona amesimama katikati ya sebule akiwaambia mlileta mbuzi mgonjwa, na mchumba wangu ameinama, na yule shangazi akiitikia, tuliona, tuliona. Nilijiona kwenye chumba changu cha Ruiru nikizeeka na sufuria moja.

Asubuhi ya siku hiyo baba aliniita. "Maitu, chukua huyo mbuzi amebaki umpeleke kwa jirani. Mfunge huko."

"Kwa nini, baba?"

"Mpeleke."

Nikampeleka. Njia nzima nililia, kwa sababu nilijua mbuzi hurudishwa mahari ikikataliwa, na nilidhani anamtenga ili arudi na wenyewe jioni. Jirani yule wa kisu alinifungulia geti, akaniona uso, akachukua kamba bila kuuliza.

Walikuja na magari mawili. Shangazi alikuwa na kilemba cha kijani, na kabla hajaketi alikuwa ameshapita nyuma ya nyumba, eti anatafuta choo. Mchumba wangu aliketi ukutani, mikono katikati ya magoti, anatazama viatu vyake. Alikuwa anajua yote, nilimwambia. Mimi niliwekwa kwenye kiti karibu na dirisha. Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni na chupa ya chai na vikombe, anangoja salamu ziishe.

Sala ikaombwa. Mzee wao akatoa utangulizi mrefu. Kisha shangazi akasafisha koo.

"Sisi kabla ya yote tungependa kusalimia mbuzi zetu. Nimepita huko nyuma na sikuona kitu. Na yule mdogo, siku ile analetwa, mimi nilimwona hana nguvu. Nilisema."

Baba aliweka mikono kwenye mikono ya kiti chake, na nikashika kitambaa cha gauni langu.

"Mbuzi ziko," alisema. "Zote mbili. Zimeenda kwa jirani kula majani ya viazi, kwangu baridi imemaliza kila kitu."

"Na huyo mdogo?"

"Huyo mdogo ndiye anakula kushinda wote."

"Nilisikia ati kuna kukohoa hapa."

"Ulisikia ukweli." Baba alimtazama shangazi machoni, hakuharakisha. "Aliyekuwa anakohoa ni mke wangu. Baridi ilimshika, na amepona. Kwa hii boma hakuna mbuzi amewahi kukataa nyumba. Si huu mwaka, na si ule mwaka mimi nilioa. Kama kuna mtu aliwahi kusema hivyo, alikosea, na mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa, ningemwambia."

Shangazi hakujua hata ni nini alichojibiwa. Mzee wao akasema haya, basi, tuendelee. Mchumba wangu aliinua macho kutoka kwenye viatu.

Mama akaingia na chai. Kwetu wageni ndio huanza, wazee wao kwanza, kisha shangazi, kisha wengine, na mwenye nyumba hupata mwisho kikibaki. Mama aliwapita wote. Alimimina kikombe cha kwanza, akapiga goti kidogo, akampa baba, mbele ya kila mtu. Baba akakipokea kwa mikono miwili.